Tangu Lima Hata Dodoma: Tarehe ya Mchezo Uliopimwa Kabla ya Kuandikwa

Watu wengi, wakaapo jioni mbele ya televisheni kutazama mchezo wa mfululizo, hudhani kwamba hadithi ile ilizaliwa katika kichwa cha mtunzi mmoja, ikaandikwa, ikachezwa, ikarushwa hewani, basi. Na kwa kweli aghalabu ndivyo iwavyo. Lakini iko silsila moja ya michezo, iliyopata chanzo chake Amerika ya Kusini, ikapita Mexico na India, ikafika Nairobi na Dar es Salaam, ambayo watengenezaji wake hawakuliruhusu wazo liwe hadithi mpaka wamekwisha kulipima kwa maisha ya wale waliokusudiwa kuitazama au kuisikiliza, wala hawakuacha kulipima baada ya mchezo kuingia majumbani mwa watu. Tarehe ya silsila hiyo inastahili kujulikana kwetu zaidi ya inavyojulikana, kwa sababu sura yake iliyo bora, kwa rai yangu, ilitungwa kwa Kiswahili.

Chanzo chenyewe hakikuwa na mpango wowote. Mwaka 1969 kituo cha Panamericana, mjini Lima, Peru, kilianza kuonyesha mchezo ulioitwa Simplemente María, uliotokana na hadithi ya Celia Alcántara, mtunzi wa Argentina. María alikuwa msichana wa shamba aliyekwenda mji mkuu kutafuta riziki, akawa mtumishi wa nyumbani, akahadaiwa na kijana wa ukoo wa mali, akaachwa na mimba. Lakini hakukata tamaa, bali mchana alitumika na usiku alihudhuria darasa la kisomo, kisha akajifunza kushona kwa cherehani ya Singer, hata ushonaji ule ukamtoa katika utumishi na kumfanya mbunifu wa mitindo mwenye kutajika. Wasichana wa kazi wa Lima walijiona wenyewe katika yeye. Wakaanza kuomba ruhusa kwa mabibi zao ili wapate kwenda darasani jioni, na cherehani za Singer zikanunuliwa kwa wingi usio wa kawaida. Ilipopigwa picha harusi ya María na Esteban, mwalimu wake wa kisomo aliyempenda kwa subira ya miaka mingi, watu wapatao 10,000 walikusanyika nje ya kanisa, na wengine walikuja na zawadi mkononi, kana kwamba aliyekuwa akiolewa ni binti yao wa kumzaa. Hapakuwa na waziri aliyeagiza jambo hilo, wala mtaalamu aliyelitabiri.

Aliyeliona jambo hilo na kulifikiri kwa makini alikuwa Miguel Sabido, mtu wa tamthilia wa Mexico, aliyekuwa akiongoza utafiti katika shirika la televisheni la Televisa. Swali lake lilikuwa jepesi kutamkwa na zito kujibiwa: ikiwa taathira kubwa namna hii imepatikana kwa bahati, je, haiwezi kupatikana kwa kusudi, na kwa jambo lenye manufaa kwa umma? Basi akaufumua mchezo wa María kipande kwa kipande, kutoka mwisho kurudi mwanzo, ili ajue ni kitu gani hasa kilichowavuta watu kutoka vitini mwao. Kwa Albert Bandura, mwanachuoni wa elimu ya nafsi wa chuo kikuu cha Stanford, alipata hoja kwamba mwanadamu hujifunza mengi kwa kumtazama mwenziwe anayefanana naye, akiona alipata nini na alipatwa na nini; na kwa Eric Bentley, mhakiki wa tamthilia, alipata mafunzo juu ya aina za michezo na jinsi kila aina inavyougusa moyo wa mtazamaji.

Kutokana na hayo akaweka utaratibu, na utaratibu huo ndio kiini cha tarehe hii. Kabla ya mtunzi kushika kalamu, sharti ijulikane maadili ambayo mchezo utayatetea, na maadili hayo yatolewe katika katiba na sheria za nchi, yasitolewe katika matamanio ya mwenye fedha wala ya mwenye kituo. Kisha watu wenyewe wakaulizwe wanaishije, wanaamini nini, wanaogopa nini, na kikwazo chao ni kipi. Hapo tena ndipo wahusika wapangwe mafungu matatu: walio wema kwa upande wa jambo linalotetewa, walio waovu kwa upande huo huo, na baina yao watu wa njia panda, wenye shaka, wanaovutwa huku na huku. Fungu hili la tatu ndilo lililobeba mchezo wote. Mwema huheshimiwa na mwovu huchukiwa, lakini mwenye shaka ndiye afananaye na mtazamaji. Kwa hiyo Sabido alitaka mabadiliko yake yaje polepole, kwa kuanguka na kuinuka, ili kila hatua yake iweze kuigwa na mtu aliyeketi nyumbani.

Mwaka 1975 wazo hilo likajaribiwa katika mchezo wa Ven Conmigo, uliohusu kisomo cha watu wazima, na mandhari yake kubwa ilikuwa darasa la watu wa rika mbalimbali wanaojifunza kusoma. Ikatangazwa mchezoni mahali ambapo vitabu vya kisomo hutolewa bure, na siku ya pili maelfu ya watu walimiminika huko, hata njia za katikati ya jiji la Mexico zikaziba kwa magari. Katika mwaka ule watu wapatao 840,000 walijiandikisha katika mpango wa kisomo. Baadaye, mwaka 1977 na 1978, ukafuata Acompáñame, mchezo wa uzazi wa majira, na hesabu za zahanati zilionyesha tena ongezeko kubwa la waliokuja kutaka huduma.

Hata hivyo, msomaji mwenye akili ataona kasoro katika ushahidi huo, nayo ni kasoro ya haki. Serikali ya Mexico katika miaka ile ilikuwa na juhudi nyingine nyingi za kisomo na za afya. Basi ni nani awezaye kuapa kwamba mtu fulani alikwenda darasani kwa ajili ya mchezo, wala si kwa ajili ya tangazo, jirani au ndugu yake? Ongezeko lilikuwa dhahiri, lakini sababu yake ilibaki dhana. Kasoro hii ilisubiri zaidi ya miaka kumi na tano kabla ya kupata dawa, na dawa ilikuja kupatikana katika nchi ambayo Sabido hakuifikiria.

Aliyezichukua fikira hizi na kuzivusha bahari alikuwa David Poindexter, mhubiri wa Kimarekani, aliyeshughulika kuwakutanisha watu wa Mexico na wakuu wa utangazaji wa nchi nyingine. India ilizipokea, na mwezi wa Julai 1984 televisheni ya taifa, Doordarshan, ikaanza kuonyesha Hum Log, mchezo wa sehemu 156 ulioandikwa na Manohar Shyam Joshi juu ya jamaa ya watu wa hali ya kati yenye misukosuko mingi. Hapo mwanzo mchezo ulilemewa na mawaidha ya uzazi wa majira, watazamaji wakachoka, na baada ya sehemu kumi na tatu hivi Joshi na wenziwe wakalazimika kuigeuza hadithi iwe juu ya umoja wa jamaa na hadhi ya wanawake; ndipo mapenzi ya watu yalipofurika. Mwigizaji mkongwe wa filamu, Ashok Kumar, alikuwa akitokea mwisho wa kila sehemu kusema maneno machache ya kuihitimisha, na barua zipatazo 400,000 zikaletwa na watazamaji.

Lakini barua na mahojiano yalileta pia habari ambayo wapangaji hawakuitazamia. Katika mchezo alikuwamo mama mmoja, Bhagwanti, mke mvumilivu asiyejibu, anayeonewa na mumewe na mama mkwe, naye alichorwa hivyo ili watu waione hasara ya kunyamazia dhuluma. Watazamaji wengi, wanawake kwa wanaume, walimtaja yeye kuwa mfano wa kuigwa. Walichoambiwa kuwa ni udhaifu, wao walikiona kuwa ni fadhila. Naona hili ni somo kuu kuliko hesabu zote za Mexico, kwa kuwa linathibitisha kwamba kumpanga mhusika katika fungu la wema au la ubaya ni kazi ya mtunzi, lakini kumhukumu ni haki ya hadhira, na mtunzi asiyerudi kuiuliza hadhira imeelewa nini anaweza kufundisha kinyume cha anachokusudia kwa miaka asijue.

Afrika ya Mashariki ilijiunga na silsila hii mwaka 1987, Kenya ilipotoa michezo miwili ya Kiswahili juu ya uzazi wa majira na maisha ya ndoa: Tushauriane katika televisheni, na Ushikwapo Shikamana katika redio. Tanzania ikafuata mwaka 1993, na kwa kuwa Tanzania Bara ilikuwa bado haina televisheni, hali redio ilikuwa imeenea hata vijijini, mchezo ulirushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Jina lake lilikuwa Twende na Wakati, na wasikilizaji wa umri wangu hawajalisahau.

Upimaji wa kwanza ulifanywa kabla ya neno lolote kuandikwa. Wananchi waliulizwa wanajua nini juu ya ukimwi na uzazi wa majira, nao wakafichua imani ambazo hakuna mtunzi wa mjini angalizizua mezani pake: wako walioamini kuwa mbu huambukiza ukimwi, na wako walioamini kuwa kondomu zenyewe ndizo ziletazo ugonjwa. Imani hizo zikawekwa vinywani mwa wahusika, zikajibiwa na wahusika wenzao katika mazungumzo, wala hazikujibiwa na daktari aliyeletwa kusoma hotuba. Kadhalika, kwa kuwa njia kuu za malori zilikuwa mapito ya ugonjwa, mhusika aliyekusudiwa kuwa ibra akafanywa dereva wa lori. Mkwaju alikuwa mlevi mwenye wanawake katika kila kituo cha safari yake, aliyetaka watoto wa kiume na kumdharau mkewe, Tunu. Na Tunu, mtu wa njia panda hasa, alianza kwa unyonge na kulia, akaanzisha biashara yake ndogo, akapata kauli yake, mwisho akamwacha mumewe, ambaye alikufa kwa ukimwi. Msimamo wa mchezo ulifahamika vizuri kiasi kwamba vijijini mwanamume mzinzi aliitwa Mkwaju hadharani, na jina likamtosha kuwa karipio.

Na hapa ndipo ilipopatikana dawa ya kasoro ya Mexico. Mtambo wa redio wa Dodoma ulikuwa ukiweza kutoa vipindi vyake wenyewe, basi kuanzia Julai 1993 hadi mwaka 1995 sehemu zilizosikiliza mtambo huo hazikupelekewa mchezo, bali zilipelekewa vipindi vingine saa ile ile, ilhali sehemu nyingine za nchi zilisikiliza. Watafiti, miongoni mwao Everett Rogers na Peter Vaughan, waliwahoji watu wa pande zote mbili mwaka baada ya mwaka. Matumizi ya njia za uzazi wa majira yaliongezeka palipokuwa na mchezo kuliko Dodoma. Na Dodoma nayo ilipofunguliwa mchezo, matumizi yakaongezeka. Idadi ya wapenzi wa nje ilipungua palipokuwa na mchezo. Kliniki nazo ziliulizwa, na wateja wapya wengi wakautaja mchezo kwa jina kuwa ndio uliowaleta. Kwa mara ya kwanza katika tarehe ya michezo hii, yaliyokuwa dhana yakawa karibu na yakini.

Siwezi kupita hapa bila kusema kuwa yakini hiyo ilikuwa na gharama, na walioilipa ni watu wa Dodoma. Ni kweli kwamba habari za ukimwi ziliwafikia kwa njia nyingine. Lakini ikiwa mchezo uliokoa maisha, na ushahidi wasema uliwasaidia watu kujihadhari, basi miaka ile miwili ya kungoja haikuwa bure kwa kila mtu aliyeishi huko. Nadhani uamuzi ule uliweza kutetewa, kwa sababu mwaka 1993 hapakuwa na mtu aliyejua kwamba mchezo ungefaa. Na pia nadhani kila atakayetaja matokeo yale ana deni la kutaja waliongojeshwa.

Leo vituo vya televisheni vimejaa katika nchi zetu, na tamthilia mpya hupangwa kila mwaka. Wazo huletwa mezani, likaulizwa lina nyota gani, litagharimu kiasi gani, na nani atalidhamini. Maswali hayo ni halali, lakini hayatoshi. Historia hii inamtaka mtayarishaji aulize matatu zaidi: watu ninaowaandikia wanaishije na wanaamini nini, ni nani katika hadithi yangu anayefanana nao katika shaka zao, na nimempa muda gani wa kubadilika, na nitajuaje, mchezo ukiwa hewani, kwamba wameelewa nilichokusudia? Ninawasihi wenye vituo na wafadhili watenge katika bajeti ya kila mchezo fungu la kwenda kuwauliza watu kabla ya mtunzi kuanza, na fungu la kurudi kwao mchezo ukiwa bado unaendelea, wakati ambapo hadithi ingali yaweza kugeuzwa. Radio Tanzania iliweza kufanya hivyo kwa redio tupu na kwa mali haba. Wenye studio na kamera hawana udhuru.