Bhutan: ufalme uliojiwekea bei mlangoni

Mfalme wa tatu wa Bhutan, Jigme Dorji Wangchuck, hakufia kwao. Alifia Nairobi tarehe 21 Julai 1972, baada ya kusumbuliwa na moyo kwa miaka mingi. Mwili ukarudishwa Himalaya na kuchomwa kwa taratibu za Kibudha huko Kurjey, katika bonde la Bumthang. Miezi kumi tu ilikuwa imepita tangu afanikiwe kuiingiza nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Kiti kikamwangukia mwanawe, Jigme Singye Wangchuck, kijana ambaye hata miaka ishirini hajaifikisha.

Historia ya utalii wa Bhutan inaanzia kwenye msiba huo, kwani mfalme mpya alipaswa kutawazwa mbele ya macho ya dunia. Sherehe ilipangwa Juni 1974, na wageni wangetoka mabara yote. Wangelala wapi? Nchi haikuwa na hoteli ya kuwapokea mabalozi na waandishi wa habari. Ndipo zikajengwa nyumba za wageni, Motithang mjini Thimphu na Olathang huko Paro, magari yakanunuliwa, vijana wakafundishwa kuandaa meza na kutandika vitanda. Sherehe ikafana, wageni wakaondoka, vyumba vikabaki vitupu. Mwaka uleule vikafunguliwa kwa watalii wa kulipa. Walikuja 287.

Wengi hudai kwamba Bhutan ilikuwa imejificha kwa karne nyingi kwa sababu ya utawa na kutafakari. Mimi naona hofu ilihusika zaidi, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Waziri Mkuu wa India, Jawaharlal Nehru, alipoitembelea mwaka 1958 ilimbidi apitie bonde la Chumbi lililoko Tibet, akipanda farasi na yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, kwa kuwa ndani ya Bhutan barabara ya magari haikuwepo. Mwaka uliofuata Dalai Lama akaikimbia Tibet, na mpaka wa kaskazini ukafungwa. Jirani wa magharibi, Sikkim, ufalme mwingine wa Kibudha, ulimezwa na India mwaka 1975. Nchi ndogo iliyobanwa kati ya majitu mawili, India na China, ilihitaji kujulikana, maana taifa lisilojulikana hufutika bila kelele. Lakini kujulikana sana nako kulikuwa na gharama yake, kama ilivyoonekana Nepal, ambako mitaa ya Kathmandu ilikuwa imejaa vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu na mifuko mitupu, wakifuata bangi ya bei rahisi.

Kabla ya watalii, Bhutan ilijitangaza kwa njia ya ajabu kidogo: stempu. Mmarekani Burt Todd, rafiki wa familia ya kifalme, alishauri nchi ijipatie fedha za kigeni kwa kuuzia wakusanyaji stempu ambazo hawajapata kuziona. Zikatoka stempu za hariri, za bati la chuma, na za picha zinazoonekana kama zimetokeza nje ya karatasi. Mwaka 1972 zikatoka zile zinazosimuliwa hadi leo: santuri ndogo za plastiki, zenye gundi upande wa nyuma, ambazo ukiziweka kwenye gramafoni unasikia wimbo wa taifa na nyimbo za jadi. Mtu wa Boston au Berlin aliweza kuisikia Bhutan sebuleni kwake wakati ambapo viza ya kwenda huko haipatikani.

Kundi la kwanza la watalii lililetwa na Lars-Eric Lindblad, Msweden aliyehamia Marekani, ambaye miaka ya nyuma alikuwa ameshapeleka watalii Antaktika na visiwa vya Galápagos. Wateja wake walikuwa matajiri wa makamo, watu wa kamera nzuri na viatu imara. Ushauri wake kwa serikali ulikuwa wa kibiashara kabisa: leteni wachache, watozeni sana. Bei ikawekwa dola 130 kwa siku, fedha nyingi kwa wakati ule, na kila mgeni alilazimika kusafiri chini ya shirika la serikali. Waliingia kwa barabara kupitia Phuntsholing, mji wa mpakani na India, kisha siku nzima ya kona na makorongo kupanda hadi Paro au Thimphu. Barabara yenyewe, iliyojengwa kwa msaada wa India, ilikuwa mpya. Kabla ya mwaka 1962 safari hiyo ilikuwa ya siku kadhaa kwa miguu na nyumbu. Shirika la ndege la Druk Air halikuanza safari zake hadi 1983, kwa ndege ndogo iliyokwenda Kolkata na kurudi.

Walichokuja kukiona kilikuwepo, na bado kipo. Punakha Dzong, ngome ambayo pia ni monasteri na ofisi ya serikali, ilijengwa mwaka 1637 na Zhabdrung Ngawang Namgyal, yule aliyeiunganisha Bhutan kuwa nchi moja. Imekaa pale mto wa kiume, Pho Chhu, unapokutana na wa kike, Mo Chhu. Huko Paro, wakati wa tamasha la tsechu, watawa hucheza wakiwa wamevaa vinyago vya wanyama na mashetani, na siku ya mwisho, kabla jua halijachomoza, hukunjuliwa kitambaa kikubwa chenye sura ya Guru Rinpoche, mtakatifu wa Kibudha, kufunika ukuta mzima. Kisha kuna Taktsang. Monasteri hiyo ya mwaka 1692 imebandikwa kwenye jabali, mita 900 hivi juu ya bonde, mahali ambapo Guru Rinpoche anaaminika kufika akiwa mgongoni mwa chui milia jike arukaye angani. Iliungua Aprili 1998, ikajengwa upya kwa mtindo wa zamani na kukamilika mwaka 2005. Sijui hekalu jingine duniani linalomlazimisha mgeni tajiri kupanda kwa miguu yake mwenyewe: farasi humfikisha nusu ya njia tu, baada ya hapo ni ngazi.

Utajiri wa wageni haukuwazuia kukera. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilifunga monasteri nyingi kwa watalii, kwa malalamiko kwamba ibada zinageuka maonyesho. Milima nayo ikafuata. Kilele cha Gangkhar Puensum, chenye mita 7,570, kilijaribiwa mara kadhaa baada ya 1983 bila mafanikio. Mwaka 1994 vilele vinavyozidi mita 6,000 vikapigwa marufuku kwa heshima ya miungu wakaao huko, na 2003 upandaji milima wote ukakatazwa. Nepal inauza Everest, Bhutan imekataa kuuza mlima ambao hakuna aliyewahi kuukanyaga kileleni.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vya safari havilisemi. Mavazi ambayo mtalii hupenda kuyapiga picha, gho ya wanaume na kira ya wanawake, mwaka 1989 yalilazimishwa kwa raia wote, pamoja na Walhotshampa wa kusini, watu wenye asili ya Nepal na wengi wao Wahindu. Lugha ya Kinepali ikaondolewa mashuleni, uraia ukakaguliwa upya, maandamano yakazimwa kwa nguvu. Zaidi ya watu 100,000 waliishia kwenye kambi za wakimbizi mashariki mwa Nepal. Kuanzia 2007 wengi wao walipelekwa Marekani na nchi nyingine. Utamaduni uliohifadhiwa kwa ajili ya Wabhutan wenyewe na kwa ajili ya wageni ulikuwa wa sehemu moja ya nchi.

Biashara ya utalii iliachiwa kampuni binafsi mwaka 1991, lakini bei ya chini ilibaki mikononi mwa serikali. Ilipofika dola 250 kwa siku katika msimu wa watalii wengi, wageni walilalamika kwamba Bhutan ni ghali. Malalamiko hayo hayakuwa ya haki. Ndani ya dola 250 mlikuwa na hoteli, chakula, gari, dereva na mwongozaji, na dola 65 za serikali zilizosaidia kugharamia shule na matibabu ya bure. Kambi nyingi za kifahari Serengeti hutoza zaidi ya hapo kwa usiku mmoja.

Anasa ya kweli ilikuja mwaka 2004, zilipofunguliwa Uma Paro na Amankora. Hapo ndipo chumba kilipoanza kupita dola 1,000 kwa usiku, chenye kuta za udongo ulioshindiliwa kama za wakulima wa bonde hilo, na jiko la kuni la bukhari kando ya kitanda. Amankora ilitawanya hoteli zake ndogo katika mabonde matano, ili mgeni ahame kutoka moja hadi nyingine.

Lakini mlango wenye bei ulikuwa na upenyo mpana. Wahindi, pamoja na watu wa Bangladesh na Maldives, hawakutozwa ada, kwa sababu ya ujirani na kwa sababu India ndiyo iliyolipia barabara. Mwaka 2019 waliingia watalii zaidi ya 315,000 katika nchi yenye watu wasiofika laki nane, na wengi mno walikuwa Wahindi. Oktoba mwaka huo picha ya mwendesha pikipiki aliyesimama juu ya stupa (mnara mtakatifu wa Kibudha) mojawapo kati ya 108 za kumbukumbu huko Dochula ilisambaa mitandaoni, hasira zikawaka. Sheria mpya ikawapangia wageni wa nchi hizo ngultrum 1,200, fedha ya Bhutan, kwa usiku. Kisha UVIKO ikafunga kila kitu kuanzia Machi 2020.

Bhutan ilipofungua tena, Septemba 2022, ilikuja na ada ya dola 200 kwa usiku, ambayo safari hii haikununua hata kikombe cha chai. Hoteli na gari ulilipa pembeni. Mwezi huohuo ikazinduliwa upya njia ya kale ya kilomita 403, kutoka Haa hadi Trashigang, iliyokuwa imeachwa tangu barabara za lami zilipokuja. Wageni hawakurudi kama ilivyotarajiwa. Wenye hoteli wakalia, vijana wakaendelea kuhamia Australia, na Septemba 2023 ada ikashushwa hadi dola 100, punguzo la kudumu mpaka Agosti 2027.

Hadi sasa maumbile nayo yamesaidia kuhesabu wageni. Uwanja wa Paro umezungukwa na milima kiasi kwamba ndege hutua mchana tu, na rubani hutazama bonde kwa macho yake. Wenye kibali cha kutua hapo ni wachache. Desemba 2023 mfalme wa tano, Jigme Khesar Namgyel Wangchuck, alitangaza mji mpya huko Gelephu, mpakani na jimbo la Assam la India, wenye uwanja wa ndege wa kimataifa. Huko ni tambarare, hakuna jabali la kukwepa. Gelephu iko wilaya ya Sarpang, mojawapo ya wilaya ambamo Walhotshampa waliondolewa.