Kompyuta ya michezo kwa fedha kidogo: Anza na umeme, kadi ya picha ifuate

VIJANA wengi wa Shinyanga, Kahama na Geita wanaotaka kuunda kompyuta ya kuchezea michezo huanza kwa kuulizia bei ya kadi ya picha. Kwa mazingira ya ukanda huo wa dhahabu, kifaa cha kwanza kuchaguliwa kinapaswa kuwa pawa saplai, yaani kisanduku kinachopokea umeme wa volti 230 kutoka ukutani na kuugawa kwa vifaa vingine katika volti 12, 5 na 3.3.

Umeme unapokatika na kurudi ghafla, au unaposhuka nguvu kwa sababu mashine ya kusaga na ya kuchomelea ziko kwenye laini moja na nyumba, kisanduku hicho ndicho hupata kishindo cha kwanza. Kile cha bei ya chee, chepesi mkononi ingawa ubavuni kimeandikwa wati 500, mara nyingi hakina vilinzi vya kutosha ndani, na kikiungua huweza kuondoka na ubao mkuu pamoja na kadi. Alama ya 80 Plus husaidia kuchuja, ingawa hueleza tu kwamba umeme haupotei mno kuwa joto. Kwa mashine ya bei nafuu, wati 450 za kampuni inayofahamika zinatosha. Aidha, stabilaiza hurekebisha umeme unaopanda na kushuka, lakini anayetaka muda wa kuzima mashine salama hana budi kununua UPS. Iliyoandikwa 650 VA kwa kawaida hubeba wati zisizozidi 400, kwani VA na wati si kitu kimoja.

Baada ya hapo zipo njia mbili. Ya kwanza ni kununua vifaa vipya vyenye prosesa iliyo na sehemu ya picha ndani yake, mfano Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, na kuahirisha kadi hadi fedha ipatikane. Prosesa ya aina hiyo huazima memori ya kompyuta, hivyo vipande viwili vya GB 8 huipa kasi kubwa kuliko kimoja cha GB 16. Tatizo ni kwamba bei za memori zilipanda duniani kote mwishoni mwa mwaka 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye vituo vya akili mnemba.

Njia ya pili, ambayo kwa wengi ndiyo ya busara, ni kompyuta ya ofisini ya mtumba, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha kuongezewa kadi. Mnunuzi achague boksi refu, si lile jembamba, maana jembamba hukataa kadi za kimo cha kawaida. Kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 ndicho cha chini cha kukubali: Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi nyingi za vizazi vya nyuma. Pawa saplai za mashine hizo ni ndogo na mara nyingi plagi zake ni za kampuni yenyewe, kwa hiyo kadi inayofaa ni ile inayokula wati 75 au pungufu kupitia tundu la ubao bila waya wa ziada. GTX 1650 ni mfano mzuri, ila baadhi ya matoleo yake hudai waya. RX 6400 inakula kidogo zaidi, lakini hupoteza kasi kwenye mbao za zamani.

Kadi za bandia zipo. Kadi kuukuu hubadilishiwa programu ya ndani ili ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huweza kuifichua kabla fedha haijatoka mfukoni. Katika mji ambao soko la madini lilifunguliwa mwaka 2019 na dhahabu hupimwa mbele ya muuzaji na mnunuzi, kudai kipimo kwa kadi ya picha si utovu wa adabu.

Dhahabu, kwa njia, imo pia ndani ya kompyuta: miguu ya memori hupakwa utando wake mwembamba kwa kuwa haishiki kutu. Memori ikigoma, kuifuta miguu hiyo taratibu kwa kifutio cha penseli mara nyingi huifufua.

Vumbi la kiangazi cha Shinyanga halina dawa hiyo. Boksi liwe na chujio linalotolewa na kuoshwa, na feni ya mbele inayoingiza hewa.

Kwa upande wa manunuzi, Kariakoo ina vifaa vingi, lakini iko karibu kilomita 1,000 kutoka Shinyanga, na kifaa kibovu kinarudi kwa nauli ya mnunuzi. Mwanza ni jirani zaidi, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayetoka Geita hasubiri tena kivuko. Tofauti ndogo ya bei na Kariakoo inaweza kufidiwa na fursa ya kuiwasha mashine, kucheza nusu saa na kusikiliza feni kabla ya kulipa.