Faida ya Kugawanyika: Makundi yenye Silaha na Mikutano ya Amani ya Somalia

Mkataba wa amani uliotiwa saini Addis Ababa mwezi Machi 1993 una majina ya makundi 15 ya Kisomali, na baadhi ya majina hayo yamo mara mbili. Kuna USC, kisha kuna USC ya mrengo wa SNA, muungano wa Jenerali Mohamed Farrah Aidid. Kuna SPM na SPM-SNA, kuna SDM na SDM-SNA. Kundi lililobaki moja liliweka saini moja. Lililopasuka liliweka mbili. Makala hii inadai kwamba hesabu hiyo ndogo inaeleza mgawanyiko wa makundi ya Somalia vizuri kuliko nasaba.

Nasaba ndiyo hoja iliyozoeleka, na haikosi ukweli. Siad Barre, aliyetwaa madaraka Oktoba 1969 na kutangaza kuzika ukabila, aliishia kutawala kwa kuegemea koo chache na kuwashambulia Waisaaq kwa mabomu mjini Hargeisa mwaka 1988. Waliomwasi nao walijipanga kwa koo: SSDF ya Wamajerteen, SNM ya Waisaaq, USC ya Wahawiye. Lakini ukoo hautuambii ufa utapita wapi. Barre alipokimbia Mogadishu Januari 1991, USC ilishindwa kukaa pamoja hata mwaka mmoja. Kuanzia Novemba hadi Machi 1992 Aidid na Ali Mahdi Mohamed, wote Wahawiye na wote wa USC, waliligawa jiji kwa mizinga, kaskazini kwa Ali Mahdi na kusini kwa Aidid. Baadaye Aidid akakosana na Osman Ali Atto, mfadhili wake wa zamani na mwenzake wa ukoo mdogo wa Habar Gidir. Katika mapigano ya 1996, Atto akiwa miongoni mwa mahasimu wake, Aidid alijeruhiwa, akafa mwezi Agosti. Mwenye kushikilia nadharia ya ukoo atasema basi tushuke hadi koo ndogo, kisha ndogo zaidi. Kwa njia hiyo nadharia haiwezi kukosea kamwe, na hapo ndipo inapopoteza thamani yake.

Tuitazame bandari ya Mogadishu. Baada ya majeshi ya Umoja wa Mataifa kuondoka Machi 1995, wababe wa vita wa Mogadishu hawakukubaliana nani apokee ushuru wa gati, na bandari kubwa kuliko zote nchini ikafungwa kwa zaidi ya miaka kumi. Biashara ilihamia El Ma'an, ufuko mtupu kaskazini mwa jiji. Meli zilitia nanga mbali na nchi kavu, mashua zikafuata mchele na sukari, wapagazi wakapokea magunia kwa mabega. Malori yakaanza safari ya kuingia mjini, kizuizi baada ya kizuizi, kila kimoja na vijana wake, bunduki zao na ada zao. Mfanyabiashara alilipa mara nyingi kwa mzigo uleule. Kwa kamanda wa kizuizi hali hiyo haikuwa vurugu, ilikuwa ajira. Kamanda mdogo aliyemtii mkubwa alipata mgawo, aliyejitenga alibaki na kizuizi chake chote.

Mikutano ya amani ikawa bandari ya pili. Waandalizi walihitaji wawakilishi, na aliyeonekana kuwakilisha ni mwenye wapiganaji. Mkutano ulioanza Eldoret Oktoba 2002 ukahamia Mbagathi, Nairobi, ulichukua miaka miwili na kuzaa bunge la wajumbe 275 kwa mfumo wa 4.5, yaani fungu zima kwa kila moja ya koo kuu nne na nusu fungu kwa wengine wote. Wababe wa vita wakawa mawaziri bila kuvunja majeshi yao. Mohamed Qanyare alikuwa waziri wa usalama wa taifa, na mwaka 2006 wapiganaji wake walikuwa Mogadishu wakipigana na Mahakama za Kiislamu katika vita ambavyo serikali yake haikuviagiza.

Gharama ya utaratibu huo inaonekana Barawa, mji wa pwani ambao lugha yake ya Chimwiini ni lahaja ya Kiswahili. Wabarawa hawakuwa na jeshi. Mwaka 1991 na 1992 makundi yalipokezana mji huo, kila lililoingia likipora, na maelfu wakapanda majahazi kwenda Mombasa. Katika lugha ya 4.5, watu hawa ni sehemu ya ile nusu.

Somaliland hutajwa kama kinyume cha haya yote, mara nyingi kwa sifa kupita kiasi. Huko nako makamanda wa SNM walipigania bandari ya Berbera mwaka 1992, na mwaka 1994 vita vikarudi Hargeisa kwa sababu wanamgambo walitoza ada zao wenyewe uwanja wa ndege. Tofauti ni kwamba ushuru wenyewe uliwekwa mezani. Wazee walikutana katika mji wa Sheikh Oktoba 1992 wakaamua bandari ya Berbera iwe ya umma. Miezi michache baadaye wakakaa Borama, kwa chakula na fedha zilizochangwa zaidi na wenyeji, wakamchagua Mohamed Egal kuwa rais.

Al-Shabaab inatoa ushahidi mwingine, japo mchungu kuukiri. Iliimeza Hizbul Islam Desemba 2010, na mwaka 2013 kiongozi wake Godane akawaua au kuwafukuza wenzake waliompinga. Ukatili ni sehemu ya maelezo tu. Vizuizi vyake hutoa risiti, na lori lililolipa halilipi tena kizuizi kinachofuata. Mapato yanakwenda kwenye mfuko mmoja, kwa hiyo kamanda anayejitenga huondoka mikono mitupu.

Shirikisho la sasa limebadilisha vyeo tu. Ahmed Madobe alipoteza mji wa bandari wa Kismayo kwa Al-Shabaab Oktoba 2009, akarudi mwaka 2012 pamoja na jeshi la Kenya, na tangu 2013 ndiye rais wa Jubaland, mwenye bandari. Novemba 2024 mahakama ya Mogadishu ilitoa hati ya kumkamata, na mahakama ya Kismayo ikajibu kwa hati ya kumkamata Rais Hassan Sheikh Mohamud. Mwezi uliofuata majeshi yao yalipigana Ras Kamboni, na baadhi ya askari wa serikali kuu wakavuka mpaka kuingia Kaunti ya Lamu, Kenya. Wasuluhishi tayari wanazungumza juu ya uchaguzi, katiba na mgawo wa viti. Huko Somaliland mkutano wa Sheikh ulitangulia ule wa Borama, lakini Somalia hadi leo hakuna mkutano wa kitaifa uliokaa kwanza juu ya ushuru wa Kismayo, Bosaso na Mogadishu kabla ya kuhesabu viti.