Jinsi Mashine Ilivyofundishwa Kusimama

Kosa la insha hutulia juu ya karatasi mpaka mwalimu aliône. Kosa la programu ya kompyuta halina utulivu huo. Hutokea amri zinapotekelezwa, upesi kuliko jicho lolote, na kinachobaki ni jibu lisilo sahihi tu. Ewe msomaji, ungelikamataje?

Swali hilo liliwakabili wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1949, mashine yao EDSAC ilipoanza kazi. Kiongozi wao, Maurice Wilkes, alitunga programu ya mistari 126 hivi, nayo ilikuwa na makosa yapata 20. Baadaye aliandika kwamba siku moja, akiwa katika ngazi za jengo, alitambua kuwa sehemu kubwa ya umri uliomsalia ingepotea katika kutafuta makosa yake mwenyewe. Wala hakuwa mzembe. Alikuwa bingwa miongoni mwa mabingwa.

Hapo kwanza watu waliiendesha mashine amri moja moja, wakikodolea macho vioo vyake, na saa za thamani zikapita bure. Mwaka 1951 Stanley Gill, mwenzake Wilkes, alieleza njia bora: programu ya kuchungua programu. Ilizipitia amri za programu yenye kosa, ikapiga chapa herufi ya kila amri iliyotekelezwa. Mwenye kazi alichukua karatasi yake akaenda kufikiri mezani, akamwachia mwingine mashine.

Kule Marekani, katika chuo cha MIT, kilitungwa chombo kilichomwezesha mtu kuchagua mahali mashine isimame, aitazame, kisha aiachilie. Kiliitwa FLIT, jina la dawa ya wadudu. Kilichofuata, cha mashine ya PDP-1, kikaitwa DDT, dawa iliyojulikana mno katika vita dhidi ya mbu. Huo ulikuwa mzaha, kwa kuwa Waingereza na Wamarekani huyaita makosa hayo wadudu. Wengi husimulia kwamba jina hilo lilitokana na nondo aliyekutwa ndani ya mashine huko Harvard mwaka 1947. Nondo alikuwapo kweli. Lakini Thomas Edison alikuwa amelitumia neno hilo baruani tangu 1878.

Siku hizi chombo hicho hukaa ndani ya kihariri, yaani programu ya kuandikia programu. Katika Visual Studio Code, iliyotolewa mwaka 2015, faili liitwalo launch.json hukieleza kihariri ni lugha gani itumikayo, na programu ipi ianzishwe kutoka wapi. Ukiisha kuliandika, bonyeza kando ya namba ya mstari. Doa jekundu litatokea. Programu itakimbia mpaka hapo, isimame kabla ya mstari huo kutekelezwa, nawe utaona thamani ya kila kigeu.

Wanafunzi wengi huchoshwa na maandalizi haya, wakarudi kubahatisha. Kubahatisha huchosha zaidi. Lakini doa likigeuka la kijivu na programu ikapita bila kusimama, kihariri hakikuweza kulifunga doa lako kwenye programu inayokwenda. Aghalabu njia ya faili imeandikwa vibaya ndani ya launch.json, anza kuchungua hapo.