Kuchi, Jogoo Mwenye Nasaba ya Vita

Majogoo wawili wa kuchi wakikutana uwanjani, hakuna kupimana nguvu kwa muda mrefu. Vichwa vinainama, manyoya ya shingo yanasimama, na kabla mwenyewe hajawahi kuwaamua wameshavaana. Mfugaji wa kuchi, awe Unguja, Mombasa au Shinyanga, analijua hilo. Ndiyo maana kila jogoo humtengea chumba chake.

Ukali huu ni wa kurithi, na asili yake iko ng'ambo ya bahari. Kuku si ndege wa asili wa Afrika. Walianza kufugwa Asia, kutokana na kuku mwitu wa misitu ya huko, kisha wakasambaa kwa njia za biashara. Mifupa yao imefukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyostawi kuanzia karne ya 7.

Nasaba ya kuchi ni ya pekee miongoni mwa kuku wetu. Watafiti waliochunguza vinasaba vinavyorithiwa kwa mama walimkuta ana undugu na shamo, kuku wa kupigana wa Japani, ambaye mababu zake walitoka Siam, Thailand ya leo. Japani ilimtangaza shamo kuwa urithi wa taifa unaolindwa mwaka 1941.

Umbile la kuchi linathibitisha ukoo huo. Husimama wima, shingo ndefu, kifua kipana, miguu mirefu yenye misuli. Undu wake ni mdogo na umelala juu ya kichwa, wala ndevu hazining'inii, hivyo adui hapati pa kushika kwa mdomo. Watu waliomzalisha kwa vizazi vingi walichagua jogoo asiyekimbia, na sifa hiyo imebaki damuni.

Hata hivyo, ukali wake huelekea zaidi kwa kuku wenzake. Kuchi aliyezoeshwa kushikwa tangu kifaranga hutulia mikononi mwa binadamu. Majogoo watenganishwe mapema, mara wanapoanza kufukuzana, na kuta kati ya vyumba zizibwe ili wasionane. Mtetea wa kuchi hutaga mayai machache, kwa hiyo kila kifaranga ni mali. Chanjo ya kideri isikose, kwani ugonjwa huo unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache.

Leo wengi hupandisha jogoo wa kuchi kwa mitetea ya kienyeji ili wapate kuku wakubwa wa nyama. Faida ipo, lakini tukichanganya bila mpango, kuchi halisi atatoweka. Kumpiganisha nako ni ukatili, na sheria ya Kenya inakataza kupiganisha wanyama. Ndege huyu anastahili kutunzwa kwa heshima: wafugaji waweke kumbukumbu za koo zao, wabadilishane majogoo ili kuepuka kuzaliana ndugu kwa ndugu, na kila mmoja abakize angalau kundi dogo la kuchi asiyechanganywa.