Hita ya injini: Ngao ya gari kuukuu la dizeli dhidi ya baridi kali

KATIKA miji ya kaskazini kama vile Fairbanks huko Alaska, Winnipeg nchini Kanada na Grand Forks katika jimbo la North Dakota, Marekani, si ajabu kuona waya wa umeme ukining'inia mbele ya gari kuukuu. Waya huo si wa kuchaji betri. Kazi yake ni kupasha moto maji ya kupozea injini ili gari liwake alfajiri, wakati baridi imeshuka chini ya nyuzijoto 30 za Selsiasi chini ya sufuri.

Kifaa hicho, hita ya injini, kina historia ndefu. Mnamo 1949 Andrew Freeman, aliyekuwa meneja wa ushirika wa umeme huko North Dakota, alipata hataza ya hita iliyofungwa mahali pa bolti ya kichwa cha injini. Tangu hapo soketi za umeme zimekuwa jambo la kawaida katika maegesho mengi ya maeneo hayo.

Magari ya dizeli ndiyo huhitaji hita zaidi. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche za plagi, lakini ya dizeli haina cheche. Pistoni hubana hewa hadi ikapata joto la kutosha kuyawasha mafuta yanaponyunyiziwa ndani ya silinda.

Chuma kikiwa baridi kama barafu, joto hilo hufyonzwa na kuta za silinda kabla mafuta hayajawaka. Wakati huo huo oili huwa nzito, nayo betri hutoa takriban nusu tu ya nguvu zake.

Gari kuukuu, kwa mfano Mercedes-Benz 300D ya miaka ya 1970 na 1980, huumia hata zaidi iwapo ringi za pistoni zimelika na hewa inavuja. Plagi za kupasha moto zilizomo ndani ya injini husaidia, lakini hizo hupasha chumba cha mwako pekee, tena kwa sekunde chache. Hita hupasha bloku nzima.

Aina na ufungaji

Ziko aina tatu zinazotumika sana. Ya kwanza huingizwa kwenye tundu la bloku baada ya kung'olewa kizibo chake. Ya pili hufungwa katikati ya mpira wa rejeta. Ya tatu ni kijitangi kinachounganishwa na mipira, ambamo maji yaliyopata moto hupanda na kuzunguka yenyewe.

Ya bloku hupasha vyema zaidi, ila kizibo kilichoshikwa na kutu huweza kumtoa fundi jasho. Ya mpira ni rahisi kufunga.

Kazi huanza injini ikiwa imepoa kabisa. Maji hukingwa katika chombo safi na kufunikwa, kwani kemikali ya kuzuia maji kuganda ina ladha tamu na ni sumu inayoweza kuua mtoto au mbwa.

Kizibo kikishatolewa, tundu husafishwa kutu yote, mpira wa kuzuia uvujaji hupakwa mafuta yanayofaa, kisha hita huingizwa na kukazwa. Waya wake wa ndani wa kupasha haufai kugusa ukuta wa bloku.

Baada ya hapo, mchanganyiko wa nusu maji safi na nusu kemikali hiyo hujazwa. Mchanganyiko huo hauanzi kuganda hadi nyuzijoto 37 hivi chini ya sufuri. Injini huwashwa, hita ya ndani ya gari ikiwa imefunguliwa, ili hewa iliyonaswa itoke.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hita ikiunganishwa na umeme kabla ya maji kujaa, au ikiwa imezungukwa na hewa, huungua kwa muda mfupi sana na kazi yote huwa bure. Kanuni ni moja: maji kwanza, umeme baadaye.

Waya nao hupitishwa mbali na bomba la moshi, feni na mikanda, kisha hufungwa imara. Soketi sharti iwe na waya wa ardhi, na waya wa kurefushia uwe mnene na wa kutumika nje.

Aidha, hita iliyoundwa kwa umeme wa volti 120 wa Amerika Kaskazini haifai kuunganishwa na ule wa volti 230 au 240 wa Ulaya au Kenya. Nguvu yake huongezeka karibu mara nne na kuiteketeza.

Matumizi na mipaka

Hakuna haja ya kuacha hita ikiwaka usiku kucha. Saa mbili hadi nne kabla ya safari hutosha. Hita ya wati 750 ikiwaka kwa saa tatu hutumia uniti 2.25 za umeme. Ikiachwa saa 10 hutumia 7.5. Kwa sababu hiyo wengi hutumia swichi yenye saa.

Hata hivyo, hita si tiba ya kila kitu. Haipashi tangi la mafuta, hivyo dizeli isiyo ya msimu wa baridi bado huweza kuganda kama nta na kuziba chujio. Wala hairejeshi nguvu za injini iliyochakaa.

Kwa sababu hiyo, gari la dizeli linalokataa kuwaka asubuhi Limuru au Nyahururu halihitaji hita hii. Baridi ya huko haifikii kiwango hicho. Linalofaa ni kupima plagi za kupasha moto, betri na mbano wa silinda, kwani humo ndimo maradhi yalimojificha.