Uzio wa miti kwenye shule za kando ya barabara: unazuia vumbi namna gani?

Shule nyingi za Masisi na Walikale ziko kando ya barabara, ili mtoto asitembee mbali. Lakini barabara yenyewe ni ya udongo. Kwenye njia ya Sake, Masisi centre, Nyabiondo mpaka Walikale, jua likiwaka siku chache tu, kila kamyo na kila moto inaacha wingu la vumbi na moshi wa mazuti. Darasa la mbao lenye madirisha wazi haliwezi kuzuia kitu. Njia moja isiyoomba pesa nyingi ni kupanda uzio wa miti.

Unafanya kazi namna gani?

Wengi wanafikiri majani "yanakula" hewa mbaya. Kazi kubwa si hiyo. Uzio mzito unasukuma upepo wenye vumbi upite juu, uchanganyike na hewa safi kabla ya kufika kwa watoto. Majani nayo yanashika vumbi, kisha mvua inayaosha. Chembe za kuogopa zaidi ni zile zisizozidi maikromita 2.5: unywele mmoja unazizidi unene karibu mara 30, na zinafika ndani kabisa ya mapafu. Huko London, ukaguzi wa hewa katika shule 50 za msingi, uliotolewa mwaka 2018, ulipendekeza pia vichaka vya kukinga watoto.

Namna ya kupanda

- Uzio ukae kati ya barabara na watoto.
- Ufunge kuanzia chini. Mikaratusi peke yake haifai: shina ni refu, chini ni wazi, vumbi linapita.
- Urefu ufike mita 2 au zaidi, unene mita 1 na nusu hivi. Panda mistari miwili, mti wa nyuma ufunike nafasi ya mbele.
- Kwenye baridi ya Masisi, sipre inayokatwa mara kwa mara inafunga vizuri, na haipukutishi majani. Kwenye mvua nyingi ya Walikale, mianzi inakua haraka, lakini inatambaa. Chimba mtaro kuizuia.
- Epuka miti yenye maziwa makali. Yakiingia machoni mwa mtoto, yanaunguza.

Kile ambacho hauwezi

Uzio hauzuii moshi wa makala unaotoka jikoni mwa shule yenyewe. Hauzuii majivu ya Nyiragongo na Nyamulagira, kwa sababu yanaanguka toka juu; hapo dawa ni kufunika maji ya kunywa. Na kwa hali ya usalama tunayoijua sisi wote huku, usiwafungie watoto ndani: acha njia mbili za kutokea, na karibu na mlango miti ikatwe iwe mifupi.

Nani atamwagilia?

Miche inapandwa mvua zinapoanza, mwezi wa tisa, masomo yanapofunguliwa. Shida inakuja mwezi wa saba na wa nane: ni kiangazi, ni likizo kubwa, shule haina mtu, na mbuzi wanatembea. Uzio mwingi unafia hapo. Kwa hiyo, kabla ya kununua mche hata mmoja, komite ya wazazi ikae na direkta, waandike majina ya watu watakaomwagilia na kuchunga katika likizo.